Mishale ya mbao kwa rikavu ya pauni 40: mti gani, unene gani?

#1 KijanaWaGanda
Salaam wadau. Muitaliano mmoja niliyekuwa nikimfanyia kazi hapa Malindi amehama, na alipofunga virago akaniachia rikavu yake ya mbao (upinde wenye ncha zilizokunjwa kuelekea mbele), ile ya kufunguka vipande vitatu. Kwenye bawa la chini imeandikwa inchi 62, pauni 40 ikivutwa inchi 28. Mishale yake ya kaboni imebaki michache na mmoja una ufa, huo siugusi. Nataka ya mbao. Upinde wenyewe ni wa mbao, halafu ukiagiza miti ya mishale kutoka Ulaya nauli inapita bei ya mzigo.

Seremala wangu amenitolea vijiti vya duara vya milimita 9, mbao ngumu, vimenyooka vizuri. Nimevitia manyoya na chembe, nikaenda shambani kujaribu. Yote inakwenda kushoto. Navuta kwa mkono wa kulia. Sasa swali: tatizo ni mti, ni unene, au ni mimi?

#2 FundiRanda
Wa alaykum salaam. Milimita 9 ya mbao ngumu? Huo ni ufito wa kupigia punda. Punguza.

#3 Mkunazini07
Ni wewe. Jifunze kuachia upote kwanza, mbao usizisingizie.

#4 BiMambrui
Mkunazini07 usimkatishe tamaa mwenzio, yote kwenda upande mmoja si uachiaji. Anayeachia vibaya mishale yake hutawanyika.

Ndugu, ukiachia upote mshale hauendi wima kama unavyodhani. Nyuma inasukumwa, mbele kuna chembe nzito inayochelewa kuondoka, basi mti unapinda katikati. Unapinda upande mmoja, unarudi, unapinda wa pili, na katika kupinda huko ndiko unapozunguka mpini bila kuugonga. Mti mgumu mno haupindi vya kutosha, unagonga mpini na kutupwa kushoto. Laini mno unapinda kupita kiasi na kwenda kulia. Huo ugumu wa kupinda ndio wapigaji wanaouita spaini, na kwa mbao unatajwa kwa pauni.

Kuupima ni rahisi. Piga misumari miwili iliyoachana inchi 26, yaani sentimita 66. Laza mti juu yake, ning'iniza kilo moja katikati, kisha pima umeshuka milimita ngapi. Chukua 660 ugawe kwa hizo milimita. Ukishuka milimita 13.2, spaini ni 50.

Na tuambie: wewe unavuta inchi ngapi hasa? Ile 28 iliyoandikwa ni ya kiwandani.

#5 TangaMjini
Nyongeza kwa #4: si kilo moja, ni pauni 2, yaani gramu 907. Ukitundika kilo nzima mti wa 50 utakuonyesha 45 hivi, na utauona laini kuliko ulivyo. Chukua chupa ya maji, itie kwenye mizani, mimina mpaka chupa na maji yake pamoja visome 907. Hesabu ya 660 ni sahihi.

#6 BiMambrui
Ahsante TangaMjini. 907 basi.

#7 MlinziWaMwisho
Mnazungusha mambo. Mimi nina rikavu tangu zamani na kwangu mti mgumu unakwenda KULIA, laini unakwenda kushoto. Bi Mambrui amegeuza.

#8 TangaMjini
Mzee, hilo haliwezekani kwa anayevuta kwa mkono wa kulia.

#9 MlinziWaMwisho
Nani kasema navuta kwa mkono wa kulia? Mimi ni wa shoto toka nizaliwe.

#10 Mkunazini07
😂😂 Huyu angetupeleka Lamu kwa njia ya Voi. Si ungesema mapema baba!

#11 KijanaWaGanda
Nimepima kwa chupa ya 907. Mti umeshuka milimita 8 na kidogo. 660 kwa 8.2 ni kama 80. Themanini! Mvuto wangu nimepimiwa na mdogo wangu kwa kalamu kwenye mshale mrefu, ni inchi 26. Mimi ni mfupi, msinicheke.

#12 BiMambrui
Basi wewe upinde wa 40 huna. Kila inchi unayopunguza unapoteza pauni 2 au 3, kwa hiyo vidoleni mwako uko kwenye 35 hivi. Umempa upinde wa 35 mshale wa 80. Kwa kuanzia tafuta spaini ya 35 mpaka 40. Kanuni ya kawaida inachukulia mshale wa inchi 28 wenye chembe ya greni 125 (greni ni kipimo kidogo cha uzito, 15 na nusu ni gramu moja). Kila inchi unayozidisha urefu, ongeza pauni 5 za spaini. Kila inchi unayokata, toa 5. Chembe nzito zaidi inaufanya mti uwe kama laini, nyepesi inaufanya kama mgumu.

#13 FundiRanda
Na ndiyo maana nikasema unene. Sikilizeni hesabu ya seremala: ugumu unafuata unene mara nne, yaani kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo kwa kipenyo. Ukitoa nusu milimita tu kwenye mti wa 9, ugumu unashuka karibu asilimia 20. Ukifika 8, ile 80 yako inakuwa 50. Msasa tu na drili, mti uzunguke ndani ya msasa uliokunjwa mkononi. Vaa glavu, msasa unachoma, na usikae mahali pamoja, tembeza mkono toka mwanzo mpaka mwisho. Pima kwa kalipa kila baada ya muda, ncha zote na katikati. Hapo katikati ndipo watu hukosea, huwa panene kwa sababu ndipo mkono unapoogopa.

#14 AmuYetu
Mnajisumbua na maseremala. Huku Amu kuna fito za mkandaa, mti wa mikoko, hizo tunazojengea. Zimenyooka toka baharini, ngumu, hazioliwi na mchwa. Chukua ufito mwembamba, menya ganda, umepata mshale. Sisi tulichezea hizo udogoni.

#15 TangaMjini
AmuYetu, mkandaa unanyooka kweli, lakini uzito wake? Tuseme kila sentimita ya ujazo ina gramu 0.9. Mti wa milimita 9 wenye urefu wa sentimita 76 ni gramu 43, sawa na greni 670 kabla hujatia chembe. Ukitia unafika 800. Upinde wa pauni 35 utaurusha kama mtu anayerusha mwiko. Kwa kawaida watu wanataka greni 8 mpaka 10 kwa kila pauni ya upinde, na wengine 12. Hapo ni zaidi ya 22.

#16 AmuYetu
Yeo nimecheka. Lakini ukimpata shabaha wako kwa huo mwiko hataamka.

#17 Mkunazini07
Shabaha ni gunia la makumbi ya nazi, haliamki hata likipigwa na unyoya.

#18 MzeeWaJilore
Vijana, salamu. Naona mnapima kwa chupa na misumari. Wazee wa Kiwaata waliokuwa wakiwinda ndovu huko Galana hawakuwa na chupa. Pinde zao zilivuka pauni 100, na hazikuchongwa dirisha kama hilo la rikavu, yaani pale penye mpini palipokatwa ili mshale upite, kwa hiyo mshale uliuzunguka upinde mzima. Walichagua kwa mkono: anashika ufito, anaukunja juu ya kidole gumba, anauweka kando au anautupa. Kampeni ya kuzuia ujangili Tsavo ya 1956 na 1957 ndiyo iliyoumaliza uwindaji ule, wengi wakafungwa, na ujuzi mwingi ukaondoka nao.

Sisi tuliokaa karibu nao tulitumia mkone. Ufito wa mkone unaota wima na hauna vifundo vingi. Unakatwa ukiwa mnene kidogo kuliko unavyotaka, unamenywa, unafungwa kwenye tita na wenzake ili usijipinde, unawekwa kivulini mpaka ukauke. Jua linaupasua. Ukikauka unaupitisha juu ya makaa, pale palipopinda, ukipata joto unaubana kwa mikono na kungoja upoe hivyo hivyo. Ncha nene iwe mbele kwenye chembe, nyembamba iwe nyuma kwenye upote. Nyuzi za ufito hazijakatwa popote, zimeanza na kuisha na mti wenyewe. Mbao ya msumeno haina sifa hiyo hata uichague vipi.

#19 FundiRanda
Mzee shikamoo. Nakubali kuhusu nyuzi, ila mbao ya msumeno ukiijua inafaa. Siri ni kuipasua kwanza kwa patasi au panga badala ya kuikata. Inapasuka inapotaka yenyewe, ukifuata hapo nyuzi zinakwenda toka ncha mpaka ncha. Kijiti ambacho nyuzi zake zinatoka ubavuni njiani ndicho kinachovunjika wakati wa kuachia, na kikivunjika kipande cha nyuma kinasukumwa na upote kuelekea mkono unaoshika upinde. Binamu yangu ameshonwa hapo kati ya kidole gumba na cha shahada. Kabla ya kila mpigo kunja mshale kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio mwembamba, uvunje mwenyewe.

#20 MzeeWaJilore
Marahaba. Na huo mlio sisi tuliuita kilio.

#21 MsituNiWetu
Karibuni uzini, lakini nisikilizwe. Anayefikiria kuingia Arabuko-Sokoke kukata mkone, asifikirie. Ule ni msitu wa hifadhi, huwezi kutoka na ufito bila kibali cha Shirika la Misitu. Na uwindaji wa wanyamapori Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo mishale hii ni ya shabaha tu. Mkone unaota hata mashambani Kakuyuni na Langobaya, muulizeni mwenye shamba.

#22 MzeeWaJilore
Hakuna aliyesema msituni mwanangu. Nina mkone nyuma ya zizi langu.

#23 MufindiBaridi
Habari kutoka Iringa wakuu. Mbona hakuna anayetaja msindano? Dunia nzima ilitumia mwerezi wa Port Orford kutoka Oregon, Marekani, kwa sababu ni mwepesi, umenyooka na unarudi haraka baada ya kupinda. Msindano na sprusi ndio wanaoukaribia. Huku tuna Sao Hill, misindano mpaka macho yachoke. Tatizo la shamba la miti ni kwamba miti inakua upesi, pete zinakuwa pana na mbao inakuwa laini. Angalieni kichwa cha ubao: pete zikiwa zimebanana chukueni, zikiwa zimeachana kama kidole waachieni wajenzi.

#24 Mkunazini07
Sasa tumetoka mbao ngumu tumefika mbao laini. Kesho mtasema papai.

#25 TangaMjini
Cheka tu, lakini mbao laini si aibu. Meli ya vita ya Waingereza, Mary Rose, ilizama 1545 ikainuliwa 1982, ikakutwa na maelfu ya mishale, mingi ya mpopla. Mpopla ni mbao laini, na pinde zile zilikuwa na nguvu kuliko hizi zetu maradufu.

#26 FundiRanda
Ndiyo, lakini maliza habari: mishale ile ilikuwa minene, karibu nusu inchi upande wa mbele. Mbao laini wakaipa unene ikapata ugumu bila kuzidi uzito. Tunarudi palepale nilipoanzia, unene.

#27 BiMambrui
Unarudi palepale kwa sababu hutaki kutoka hapo kaka 😄 Mzee wa Jilore naye ana ushahidi. Yule mtu wa barafuni, Ötzi, aliyepatikana 1991 mpakani mwa Italia na Austria, podo lake lilikuwa na fito za kichaka, si mbao za kupasua. Fito 14, na katika hizo mishale 2 tu ndiyo ilikuwa imemalizika.

#28 Mkunazini07
Miaka elfu tano iliyopita na bado alikuwa anasema nitamalizia kesho. Huyo ni ndugu yangu kabisa.

#29 PaletiMombasa
Mimi nachukua miti yangu kwenye paleti zinazoletwa na mizigo. Nyingine ni msindano au sprusi ya Ulaya, imekauka vizuri. Angalia muhuri: HT maana yake imetiwa joto, hiyo sawa. MB imefukizwa dawa, iache. Katika paleti nzima unaweza kupata vipande vichache tu vyenye nyuzi za wima bila jicho, vingine ni kuni. Misumari yake inaharibu randa, itoe yote kwanza.

Na msisahau mpasuo wa nyuma, ule unaokaa kwenye upote. Ukate pete za mti, usiende sambamba nazo. Ukienda sambamba upote unaupasua mti. Halafu mti una upande mgumu na upande laini, upande mgumu ndio ukae kwenye mpini.

#30 KijanaWaGanda
Nimerudi. Nimepunguza mpaka milimita 8, spaini inasoma 48 mpaka 52. Urefu nimeacha inchi 28. Nimefika shambani asubuhi kabla ya upepo. Safari hii mingi inakwenda katikati, lakini kuna michache bado inakwenda kushoto, na si ileile ninayoitarajia. Bado migumu?

#31 BiMambrui
Kwa kanuni 50 bado ni ngumu kwa pauni 35. Lakini rikavu yako ikiwa imechongwa mpaka katikati au kupita, inavumilia mshale mgumu. Weka chembe ya greni 150 au zaidi uone. Hii ni rahisi kuliko msasa, na ukikosea unaitoa.

#32 TangaMjini
Mimi siamini ni ugumu tena. Kuna ugumu wa uongo: mshale unagusa dirisha la upinde wakati wa kutoka na kurushwa kushoto hata kama ni laini. Paka vumbi la chaki au poda ya mtoto kwenye dirisha na pale mshale unapokaa, piga, uone manyoya yameacha alama wapi. Pima pia umbali wa upote na mpini. Kwa upinde wa inchi 62 anzia inchi 7 na nusu mpaka 8. Upote ukizunguka zaidi unapanda, ukilegea unashuka, na mishale yote inabadilika tabia.

#33 PaletiMombasa
Au mpasuo unabana upote. Ukining'iniza mshale kwenye upote, ugonge upote kwa kidole, mshale uanguke. Usipoanguka, umebana.

#34 FundiRanda
Au uzito. Umepima spaini, umepima uzito? Miti miwili yenye spaini moja inaweza kuachana greni 60. Ipange kwa vikundi, isiachane zaidi ya greni 10 au 15. Mizani ya sonara inafanya kazi, gramu moja ni greni 15 na nusu.

#35 AmuYetu
Au kusi. Mbao ziko pwani, mvua za Mei, nyumba ya makuti, hewa ni maji matupu. Mti uliokuwa 50 kaskazini si 50 kusi. Upakeni kitu. Huku majahazi tunayapaka sifa.

#36 BiMambrui
Sifa! Ile mafuta ya papa? Mke wake atamfukuza na mishale yake.

#37 AmuYetu
Haitaoza lakini.

#38 FundiRanda
Paka vanishi nyepesi mara tatu, au mafuta ya kitani, uache kila tabaka likauke. Sehemu ya ncha iliyokatwa ndiyo inayonywa maji zaidi, ipakwe kwanza. Na mbao iliyopakwa haitapinda sana, lakini kupinda itapinda, kwa hiyo kila wiki ziviringishe mezani na uzinyooshe kwa mkono.

#39 MzeeWaJilore
Kunyoosha ni moto, si mkono mtupu. Mkono mtupu unaunyoosha asubuhi, jioni umerudi ulikokuwa.

#40 WatamuDada
Jamani nimesoma uzi wote, ahsanteni. Swali dogo la pembeni: manyoya ya kanga wa kufuga yanafaa? Nina kanga, wanamwaga manyoya kila siku.

#41 BiMambrui
Dada, ya bawa tu, yale magumu. Na manyoya yote matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, ya kulia peke yake au ya kushoto peke yake, kwa sababu yana mpindo wao. Ukichanganya mshale hautajua uzunguke wapi. Ya kanga ni mafupi, yanatosha kwa upinde mwepesi. Ya bata mzinga ni bora.

#42 MlinziWaMwisho
Na wa shoto atumie bawa lipi?

#43 TangaMjini
Lolote, mradi moja. Usituanzie tena mzee.

#44 KijanaWaGanda
Nimeandika namba kwa kalamu kwenye kila mshale kama seremala wangu alivyoshauri. Inayokwenda kushoto ni 3, 5 na 8. Poda haionyeshi alama yoyote kwenye dirisha. Mipasuo haibani. Nimepima uzito kwa sonara wa hapa mjini: 5 ni nyepesi kuliko zote, 8 ni nzito kuliko zote. Kwa hiyo FundiRanda, hoja yako ya uzito inayumba.

#45 FundiRanda
Inayumba wapi? Nambie hiyo 5 ukiizungusha robo kwenye misumari inasoma ngapi, na uangalie pete zake kwenye mpasuo. Nina wasiwasi mpasuo wa hiyo umekatwa upande usio wake.

#46 TangaMjini
Na 8 je?

#47 FundiRanda
8 nayo izungushwe.